Bwawa Letu Halibomolewi

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu Kitinda,

Hujambo wewe na shemeji? Watoto wanakua? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Nikishaingia majini linasahau. Wanafunzi wangu wa kuogelea ni wengi mwaka huu. Nimempata bibi mmoja, fundi cherehani mstaafu aliyepooza upande. Siku ya kwanza alining'ang'ania shingoni mpaka nikadhani tutazikwa pamoja. Sasa anaelea chali, tena anaimba.

Nakuandikia kwa sababu simu hatuiwezi. Ukikasirika unakata. Barua haikatwi, na sijaona mtu anayechana barua kabla ya kuisoma.

Jana tumekuta tangazo kwenye geti la bwawa. Kikundi kinachojiita Watetezi wa Mto kimeiomba serikali ibomoe ukuta wa bwawa ili mto urudi kama ulivyokuwa kabla ya kiwanda cha nguo. Wanasema kiwanda kilishakufa na mitambo yake imeuzwa vyuma chakavu, basi ukuta umebaki wa nini? Wa watu kucheza. Ndilo neno waliloandika: kucheza.

Wewe unalijua bwawa hili. Mji wetu hauna bustani, na uwanja pekee uliopo una kiingilio. Jumapili kila mtu yuko pale. Madereva wa malori wanalala kwenye majani na viatu wamevifanya mto wa kichwa. Wachumba wanakodi boti na kuzunguka palepale kwa kuwa hakuna hata mmoja anayeangalia kasia. Waliofiwa nao huja, wanakaa kimya upande wa mawe, na hakuna anayewauliza kitu. Ukiondoa maji yale, watu hao utawapeleka wapi?

Chini ya tangazo kulikuwa na majina ya viongozi. Kwenye nafasi ya katibu nimeona jina lako. Nikajiambia majina hufanana. Niambie yamefanana.

Dada yako


Tarehe 27 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, watoto wanakusalimu, na yule mdogo ameota meno mawili na ameng'ata kila mtu isipokuwa paka. Pole kwa goti. Lifunge kwa kitambaa cha joto, usilipuuze.

Majina hayakufanana. Ni mimi.

Nilitaka kukuambia mapema, lakini kila nikishika kalamu kuna mama anapiga hodi kwa uchungu, na zahanati yetu ina wakunga wawili tu. Huo ni ukweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuogopa.

Dada, ninyi mko juu ya ukuta, sisi tuko chini yake. Mvua ikikatika, maji yote yanabaki kwenu na sisi tunabaki na mchanga. Wanawake wanachimba katikati ya mto mkavu kama kuku, wanasubiri maji yajitokeze, wanayachota kwa kikombe. Wajawazito ninaowapokea wodini wengine wametoka moja kwa moja kwenye kuchimba. Samaki waliokuwa wakipanda juu kwenda kutaga, wazee wa huku wanawataja kama majirani waliohama. Na Jumapili ninyi mnapiga makasia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kuna jambo jingine, na nikilificha utalisoma hata hivyo. Maji yale yalimchukua kaka. Nilikuwa mtoto, lakini viatu vyake vilivyobaki ukingoni naviona mpaka leo. Sijui unawezaje kuingia humo kila asubuhi na kutoka ukicheka.

Mdogo wako


Tarehe 11 Februari

Kitinda,

Salamu kwenu nyote, na kwa paka aliyeponea. Barua yako nimeisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama.

Tuanze na kaka yako, maana hatujawahi kumzungumza na miaka imekwenda.

Wewe unakumbuka viatu, mimi nakumbuka watu. Siku ile ukingo ulijaa watu wazima, wanaume wenye vifua kama milango, na kaka yako alikuwa karibu kiasi cha kusikika akituita kwa majina. Hakuna aliyejua kuogelea. Walirusha kamba ikaangukia kando. Walikimbia huku na huku kama watu waliopoteza ufunguo. Mimi nilikwenda mpaka maji yakanifika kiunoni, baba akanivuta kwa nguo akanikumbatia kwa nguvu, akisema hawezi kuzika wawili.

Msiba ulipoisha nilimfuata mpiga mbizi wa kiwanda, yule mzee aliyekuwa akisafisha malango ya maji chini ya ukuta. Nikamwambia, "Nifundishe." Akacheka. Kesho yake nikarudi, akacheka tena. Nilirudi mpaka akachoka kucheka. Ndipo nikawa huyu ambaye mji mzima unamwita Kocha. Leo mtoto wa mji huu anajua kuelea kabla hajajua kuandika jina lake, na tangu nianze kufundisha hatujazika mwingine wa bwawa. Maji hayakumuua kaka yako. Kutoyajua ndiko kulikomuua. Nikitoka nacheka kwa sababu kila asubuhi namtoa mtu mmoja zaidi mikononi mwa siku ile.

Sasa vita yetu. Tume ya serikali itakayoamua ombi lenu ilipanga kusikiliza maoni kwenye ukumbi wa makao makuu, siku ya kazi, mahali ambapo muuza ndizi wa getini hawezi kufika wala mkulima wa kwenu. Nimekwenda ofisini kwao. Karani akaniambia mkubwa yuko kikaoni.

"Nitamsubiri."

"Mpaka saa ngapi, mama?"

"Kazi yangu ni kusubiri watu wazima waache kuogopa. Saa si tatizo."

Nilirudi kila asubuhi na stuli yangu mpaka mkubwa akaona afadhali anisikilize. Kikao kitafanyika hapahapa bwawani, mwezi wa tano. Njoo na watu wako. Nitakusubiri na wangu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilishavua zamani.

Dada yako


Tarehe 3 Machi

Kitinda,

Leo sikusalimu.

Kipeperushi chenu kimefika sokoni. Fundi cherehani ndiye aliyeniletea, amekikunja ili nisikione ghafla. Juu kuna picha ya kaka yako, ile aliyovaa sare ya shule na kola imekaa upande. Chini yake maneno mekundu: BWAWA LINALOUA.

Picha hiyo iko kwenye nyumba mbili tu duniani, kwangu na kwako. Mimi sikuitoa.

Dada wa marehemu


Tarehe 10 Machi

Dada,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Sikuitoa. Picha iko sebuleni kwangu, juu ya redio. Viongozi walikutana nyumbani, nami niliitwa wodini katikati ya kikao. Mwenyekiti wetu aliipiga picha kwa simu yake nilipotoka. Kipeperushi nimekijua kwa barua yako.

Niliisoma nikiwa kazini, nikaenda kwake na aproni ya wodi mwilini. Alikuwa dukani kwake na wateja.

"Nani alikuruhusu kumtumia kaka yangu?"

"Mama, tulia. Picha ile inawagusa watu."

"Imemgusa dada yangu."

"Vita ni vita. Wao wana mji mzima, sisi tuna nini?"

"Tuna mto mkavu. Kama huo hautoshi, nenda nyumbani ukalale."

Vipeperushi vilivyokuwa nyuma ya kaunta nilivibeba vyote, nikavichoma kwenye tanuri la zahanati tunapochomea taka. Ukatibu nimeuacha. Lakini dada, usifurahi haraka: mto sijauacha. Yule mtu kakosea adabu, hakukosea kuhusu mchanga.

Nisamehe kwa kola ile. Mama alikuwa akiinyoosha kila Jumatatu na haikukubali.

Nina ombi moja. Njoo uone. Usiniamini mimi wala kikundi, amini macho yako.

Mdogo wako


Tarehe 19 Aprili

Mdogo wangu Kitinda,

Nimefika salama, goti limevimba lakini linanitii. Asante kwa kitanda chako na kwa shemeji kulala sebuleni bila kunung'unika.

Najua uliumia nilipopanda basi bila kusema neno. Sikununa. Sikuwa na la kusema, jambo ambalo halijanipata tangu nizaliwe.

Wakati uko zamu, nilishuka mtoni peke yangu. Masika yamechelewa, nikatembea katikati ya mto na viatu vikavu, nikipita chini ya daraja ambalo halivushi mtu juu ya kitu chochote. Nilimkuta mwanamke mwenye mimba kubwa amepiga magoti kwenye shimo. Alikuwa amesubiri muda mrefu, na kwenye ndoo yake kulikuwa na maji yasiyofunika hata kitako cha ndoo. Aliponiona akasema, "Karibu mama, umetembea na jua," akanipa kikombe cha kwanza. Mimi, Kitinda. Ninayeamka kila siku na kujitupa kwenye maji kwa raha zangu. Ningekataa ningemtukana. Nilikunywa.

Njia nzima nilikuwa nikikisikia kikombe kile kifuani.

Nilipofika niliita kamati ya bwawa. Chini ya ukuta kuna lango la zamani. Enzi za kiwanda lilikuwa likiachia maji kidogokidogo, na kiwanda kilipofungwa likafungwa nalo, kutu ikamaliza kazi. Nikawaambia, "Ukuta ubaki. Lango lifunguliwe mwaka mzima."

Mwenyekiti wa wenye boti tunamwita Nahodha, na hajawahi kuona maji makubwa kuliko haya. Akasimama.

"Kocha, huko wamekuloga?"

"Wamenipa maji ya kunywa."

"Kiangazi ndio biashara yetu! Maji yakishuka boti zitakaa kwenye matope."

"Tutasogeza gati."

"Na wageni?"

"Watatembea hatua chache, wataona njaa, watakula zaidi kwenye mgahawa wa mkeo."

Wakacheka, na mtu akicheka huwa amekubali nusu. Nusu ya pili niliipata kwa mmojammoja, nyumba kwa nyumba. Nahodha bado hanisalimii.

Lakini usidhani nimelegea. Lango, ndiyo. Ukuta haubomolewi.

Dada yako


Tarehe 6 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu, wote wazima isipokuwa mkunga mwenzangu, amelazwa kwa homa kali. Yule mwanamke wa mtoni amejifungua salama, mtoto wa kike, ana sauti kama yako.

Nilipokusindikiza kituoni nililia, nikidhani umeona na hukuguswa. Kumbe. Asante.

Hata hivyo sitakudanganya. Lango peke yake halitoshi. Maji yatapita, samaki hawatapita, na mto usio na samaki ni mfereji. Mimi bado nasema ukuta uondoke. Si katibu tena, lakini nimeandika hoja zetu zote, nikiwa nimejiandaa kusimama mbele yako na kuzisema.

Sasa siwezi kuja. Nimebaki peke yangu wodini, na uchungu hauahirishwi kwa ajili ya tume. Mwenyekiti anataka kusoma badala yangu. Nimemuuliza kama atasoma nilichoandika bila kuongeza. Akaniambia ataweka "chumvi kidogo." Unaijua chumvi yake.

Dada, nimeifunga hotuba yangu ndani ya barua hii. Naomba uisome wewe. Nimewaambia tume kwa simu kwamba ndiwe msemaji wangu, na karani akaniuliza mara mbili kama sijakosea jina. Najua ni kama kumwomba kipa ajifunge bao. Ukikataa nitaelewa. Lakini nimewafikiria watu wote ninaowajua, na mtu ambaye hatazidisha neno langu wala kulipunguza ni mmoja.

Mdogo wako


Tarehe 20 Mei

Kitinda wangu,

Hujambo? Umepata usingizi? Mwenzako ameshatoka kitandani? Mimi sauti imekauka, nazungumza kama bawaba.

Nikuambie yote kama yalivyokuwa.

Walifunga turubai pale kwenye majani. Tume ilikuwa ya watu watatu, ikiongozwa na mama mwenye miwani ambaye hakutabasamu hata alipoletewa chai. Watu walijaa mpaka ukutani, wengine wamekaa kwenye boti wakisikilizia majini. Watu wako walikuja kwa lori, wakasimama upande mmoja na mavumbi yao. Niliagiza wapewe viti vya mbele. Nahodha alibeba viti. Ndiyo, yeye.

Nikaitwa. Nikasema, "Nina hotuba mbili. Ya kwanza si yangu, tena siipendi."

Nikaanza kusoma yako. Nilipofika pale uliposema ukuta ubomolewe, watu wangu wakaanza kuzomea. Nahodha akapiga kelele, "Kocha, umechanganya karatasi!"

"Sijachanganya. Nyamazeni, anaongea mdogo wangu."

Wakanyamaza. Nikasoma kila neno, hata pale uliposema starehe ya wengi isinunuliwe kwa kiu ya wachache. Ulinichoma, mtoto wewe. Nilipofika kwa wanawake wanaochimba, sauti ikanigoma. Fundi cherehani akaja na fimbo yake, akanishika kiwiko, nikaendelea mpaka nukta ya mwisho. Watu wa lori hawakupiga makofi. Walivua kofia.

Ndipo nikasema yangu, bila karatasi.

"Mmeandika kuwa hapa tunacheza. Ni kweli, tunacheza. Mtu anayefanya kazi siku sita akiwa amepinda mgongo ana haki ya siku moja ya kulala chali na kutazama mawingu. Huyu mama aliyenishika, daktari alimwambia mkono wake umekwisha. Umerudi humu ndani. Watoto wa mji huu hawaogopi maji kwa sababu wana maji. Mkituondolea hapa hamtatupa pengine, maana hapajawahi kuwa na pengine. Sitatoka hapa. Lakini nimekunywa kikombe cha watu wa chini, na sitaki kuogelea juu ya kiu yao."

Mama mwenye miwani akauliza, "Umetetea pande mbili. Unataka nini hasa?"

"Nimesoma upande mmoja, nimetetea mwingine. Nataka ukuta ubaki, lango lifunguliwe mwaka mzima, na pembeni ijengwe njia ya samaki kupanda."

Hilo la samaki sikuwa nalo asubuhi, Kitinda. Nilikubali nikiwa katikati ya kukusoma.

Mwenyekiti wako naye alisema. Alianza kumtaja kaka yako, na watu wa lori wenyewe wakamwambia akae. Mimi sikumtaja. Yeye ni wetu, si hoja ya mtu.

Tume imeondoka na uamuzi wake kichwani. Tusubiri.

Dada yako anayekupenda na kukupinga


Tarehe 2 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mzima mimi, goti nimelizoea kama mpangaji asiyehama.

Uamuzi umetoka. Ukuta unabaki. Soma tena ukikasirika: unabaki. Lango la chini litakuwa wazi mwaka mzima, na boti za injini hazitaruhusiwa upande wa matete wanakotaga ndege. Njia ya samaki hawakuikubali wala kuikataa. Wamesema "itafikiriwa," na mimi nawajua watu wa kufikiria. Siku ile mji ulipiga honi mpaka mbwa wakajificha. Mimi nilikaa ukutani, nikacheka, nikalia, nikaenda kufundisha.

Jana mafundi wamefungua lango. Kutu ilikuwa nene kama mkate. Walipiga nyundo, wakamwaga mafuta, wakasukuma, nasi tumesimama juu tunawaombea na kuwapa ushauri wasiouhitaji. Mara chuma kikapiga yowe, kikafuatiwa na mngurumo, maji yakatoka chini ya ukuta meusi, yakawa ya kahawia, yakawa meupe. Watu hawakushangilia. Waliyatazama yanakokwenda.

Bwawa limeshuka. Mawe yamejitokeza ambayo sijawahi kuyaona. Gati imesogezwa na darasa langu limehamia kwenye kina kingine, wanafunzi wananung'unika kwa matope. Nawaambia matope huoshwa.

Fundi mkuu anasema mchanga wa njiani una kiu ya miaka, utakunywa mwingi kwanza. Hajui maji yatawafikia lini, au kama yatawafikia kabisa. Usiponijibu nitajua.

Dada yako


Tarehe 17 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Yamefika.

Nilikuwa namfunga mtoto mchanga kitambaa, nikasikia watu wanakimbia. Nilidhani moto. Nikatoka. Maji yalikuwa yanakuja katikati ya mto polepole, mapana kama mkeka, yanasukuma majani makavu mbele yake. Yakifika kwenye shimo yanasimama kwanza, yanalijaza, ndipo yanaendelea. Watu walitembea nayo bega kwa bega kama wanaomsindikiza mgeni. Hakuna aliyethubutu kuyatangulia. Mwanamke yule wa kikombe alimshusha mwanawe mgongoni, akamwosha uso.

Waliniuliza yametoka wapi. Nikasema, "Kwa dada."

Sasa tuache machozi. Mwakani nitaomba tena ukuta ubomolewe, ujue hivyo, nawe jiandae na stuli yako. Lakini hii njia ya samaki isiachwe kwa watu wa kufikiria. Nimeandika ombi kwa tume, liko ndani ya barua hii. Sahihi ziwe mbili. Nafasi yako nimeiweka juu ya yangu, maana wewe ndiye mkubwa. Weka, upeleke kwa mkono wako mwenyewe, na usiondoke pale bila jibu.

Mdogo wako